Meno ya Kiboko na Buluu ya Dobi

Wewe unayecheka pembeni, hebu funga mdomo kwanza. Hujasikia hata neno moja na pua umeshaikunja: ati mnyama hasafishi meno. Wewe mwenyewe leo umepiga mswaki? Basi. Kaa vizuri, na kama huamini, usiamini kimya kimya.

Hapo zamani za kale, maji yalipokuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa Kiboko. Bwawa lilikuwa moja tu nchi nzima, naye amejilaza katikati yake tangu jua linachomoza mpaka linatua. Mnyama hapati funda la maji mpaka amwamkie shikamoo mara tatu, na shikamoo isipomnogea, unarudi na ndoo tupu. Wanyama wadogo walikuwa wakilamba umande kwenye majani.

Kiboko huyu alitaka kuoa. Na kwa viboko, posa haiamuliwi kwa mahari wala kwa maneno matamu. Huamuliwa kwa mwayo. Shangazi wa binti huja nyumbani kwa bwana, hukaa, akapumua, akasema, "Haya, baba, piga mwayo." Bwana huachama, shangazi hutazama meno, na jibu hutoka hapo hapo.

Shangazi alikuwa anakuja Ijumaa. Na meno ya Kiboko yalikuwa manjano kama boga, tena juu ya umanjano huo umekaa ukoga wa kijani, wa miaka na miaka ya nyasi na matope.

Akamwita Nguchiro. Huyo alikuwa dobi, mwili wake mdogo unaenea ndani ya kiatu, lakini kanzu akizifua zinaumiza macho.

"Bi Dobi," akasema Kiboko, "yafanye meno yangu kama unavyofanya kanzu za watu."

"Jino si kanzu, bwana mkubwa. Ukoga nitautoa. Rangi ya jino lenyewe umezaliwa nayo, hiyo siiwezi."

"Nasikia iko dawa ya meno ya kung'arisha."

"Iko. Inang'arisha kwa kutoa ukoga."

"Sikukuuliza ukoga. Nataka weupe. Ukishindwa, kuanzia kesho nguo zako kafulie mate."

Nguchiro akatazama ndoo yake. Akatazama watoto wake watatu chini ya kichaka, ndimi nje. Ukweli ameshautoa bure na hakuna aliyeuchukua. Akajikuna sikio.

"Ehee, nimekumbuka," akasema. "Iko nyingine."

"Nilijua tu unanificha."

"Lakini ina miiko yake. Siku sita hugusi maji. Unakaa ndani ya nyumba yako kule nyuma ya kilima, mlango umefungwa, kinywa wazi. Tone moja likigusa jino, rangi inarudi maradufu."

"Na kiu?"

"Nitakumiminia uji kooni kwa kata. Meno hayatajua."

Kiboko akatoka bwawani, chwa, chwa, chwa, maji yakimchuruzika ubavuni. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Moyo wake ulikuwa umeshafika Ijumaa.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ya baridi, ameijenga kwa ajili ya harusi. Akajilaza. Nguchiro akamfunika magunia mabichi ngozi isipasuke, akamtilia kigingi kati ya taya, akaanza kusugua: chumvi laini, majivu yaliyochekechwa, na nanaa iliyopondwa. Sugu, sugu, sugu.

Harufu ya nanaa ikampanda Kiboko kichwani. Mwanga uliopita kwenye tundu za ukuta ukawa unaelea kama vumbi la unga. Macho yakalegea. Akaona bwawa lake limekuwa tui la nazi, naye anaogelea ndani yake bila kulowa. Binti wa watu amekaa ukingoni, anamwita jina la utotoni, na kila Kiboko akicheka, kuta za dunia zinapata mwanga.

Katika usingizi huo akasikia sauti kutoka upande wa pili wa kilima. Ko. Ko. Ko.

"Hio ini?" akauliza, kigingi kikiwa kinywani.

"Ni ukoga unabanduka," akasema Nguchiro. "Jino likiwa kubwa, mlio wake husikika mbali."

Kiboko akaridhika, akazama tena katika tui.

Siku zikapita zikiwa zimeshikana mikono, hakujua ipi jana ipi leo. Ko, ko, ko, kisha siku moja shwaaa, mlio mrefu, kama hariri inakokotwa juu ya mawe. Akaona hiyo ni sauti ya weupe unaingia.

Ukoga ulikuwa umekwisha kweli. Meno yalikuwa safi, yananukia, manjano kama siku yalipoota. Alfajiri ya Ijumaa Nguchiro akachukua buluu yake ya kufulia, ile inayoifanya kanzu iliyochakaa ionekane mpya, akaifunga kitambaani, akailowesha kidogo, akapitisha juu ya kila jino. Akamletea kioo.

Kiboko akatazama. Meupe, tena yenye ubaridi wa mwezi ndani yake. Machozi yakamtoka.

"Dawa imefanya kazi," akanong'ona.

"Umeona mwenyewe, bwana mkubwa."

Shangazi akafika na fimbo yake, mzito, hana haraka. Akakaa, akapumua.

"Haya, baba, piga mwayo."

Kiboko akaachama mpaka masikio yakakutana nyuma. Shangazi akasogea, akalowesha kidole kwa mate, akalifikicha jino la mbele. Akakitazama kidole.

"Buluu," akasema. "Nimefua kanzu za marehemu mume wangu miaka thelathini, buluu naijua. Na chini yake manjano."

"Shangazi, nitakueleza..."

"Ya nini? Manjano safi, hayana ukoga. Ndiyo meno ya kiboko hayo. Tazama na yangu." Naye akaachama: manjano tupu. "Nani alikwambia tunatafuta meupe?"

Kiboko akahema kwa raha. "Basi nimekubaliwa?"

"Nimepita bwawani kuja huku."

"Umeliona? Langu lile."

"Nimeona tope. Mfereji umechimbwa kati ya mawe, mwembamba, mguu wako hauingii. Maji yote yako upande wa pili wa mawe, kwenye kisima kipya, digidigi na nguchiro wanaogesha watoto. Nikauliza, haya ya nani? Wakanijibu, ya mwenye kiu."

Kiboko akataka kuinuka. Miguu ilikuwa imekauka kama kuni. Akamgeukia dobi.

"Ulisema ule mlio ni ukoga."

"Nawe ulisema ukoga hukuuliza," akajibu Nguchiro, akikunja kitambaa chake.

Shangazi akamgeukia Nguchiro. "Nina mashuka mawili," akamwambia. "Nitakuletea uyafue." Kisha akashika fimbo yake.

"Shangazi, ngoja," Kiboko akasema. "Yatazame tena, lakini kwa mbali kidogo. Ukisimama pale mlangoni yanapendeza."

Shangazi akaenda mlangoni. Hakutazama.

"Dawa hutoa uchafu, baba, haitoi uzawa, na anayeukimbia uzawa wake huacha nyuma hata maji yake."

Akatoka, akafunga mlango.