Mume wa Mwezi wa Saba

Mtu mmoja alikuwa na nyumba juu milimani, na katika nyumba hiyo alikuwa na mke, mdogo wake wa kiume, na mbwa. Jina lake Ambakisye. Alilima viazi na pareto. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi wa baa, na kanisani alikaa benchi la pili kutoka mbele. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Mkewe aliitwa Tusekile, ila watu walimwita Mama Subilaga kwa jina la binti wa kwanza. Mdogo wake, Gwakisa, alikuwa hajaoa, na alikula chungu kimoja na kaka yake.

Milima ile ina tabia yake. Kuanzia mwezi wa tisa jua huwaka na anga huwa wazi, mtu akisimama uani anaona vilima vitatu mbele yake. Miezi hiyo watu hula nje, kwenye mkeka, na hula kidogo: njegere mbichi, mboga za majani zilizopita motoni mara moja, maziwa ya mgando. Mazungumzo huwa marefu kuliko chakula. Lakini mwezi wa tano ukiisha, ukungu hushuka. Hushuka asubuhi moja bila kupiga hodi, ukakaa mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Nguo hazikauki. Kuni hutoa moshi mwingi kuliko moto. Watu huhamia jikoni na chakula huwa kizito, kande na ugali na viazi vilivyochomwa kwenye majivu, na bado tumbo haliridhiki, maana mwili unatafuta joto na unadhani litapatikana kwenye sahani. Mtu hula sahani tatu, akainuka na huzuni ileile aliyokaa nayo.

Hayo huwapata wote milimani. Ambakisye naye yalimpata, ila yeye alikuwa na kasoro moja: hakuweza kuvumilia huzuni isiyo na mwenyewe. Moyo ukimlemea, lazima atafute ni nani aliyeuweka uzito huo. Zamani, mabinti walipokuwa nyumbani, lawama ziligawanyika kwa wengi na hazikumuumiza mtu sana. Walipoolewa, zikabaki kwa wachache.

Mwaka wa kwanza alimpata mbwa. Mbwa yule alilala karibu na moto akinuka unyevu, na Ambakisye akasema ndiye anayemharibia hamu ya kula na usingizi. Akampa mtu wa kijiji cha chini. Wiki tatu baadaye ukungu ukainuka, jua likatoka, chakula kikawa kitamu. Ambakisye akanyoosha miguu kwenye mkeka. "Mmeona?" akasema. "Nilijua tu ni yule mbwa." Tusekile na Gwakisa wakacheka, kwa kuwa siku za jua ni rahisi kucheka.

Mwaka wa pili alimpata Gwakisa. Gwakisa alitafuna kwa kelele. Gwakisa alikaa upande wenye joto. Kila alipopeleka mkono kwenye sahani, kaka yake aliusindikiza kwa macho mpaka mdomoni. Siku moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imewafungia ndani tangu asubuhi, Ambakisye akamwambia, "Mdogo wangu, jiko hili haliwezi kuwa na wanaume wawili. Katafute lako."

Tusekile aliacha mwiko, akamshika mumewe mkono, akamsihi. Ambakisye aliutoa mkono wake. Gwakisa hakubisha. Alikunja blanketi, akamuaga shemeji yake, akashuka mabondeni kwenye mashamba ya mpunga kutafuta kibarua.

Mwezi wa nane ukaisha, jua likatoka, na Ambakisye akapata nafuu. Akajiambia kwamba lilikuwa jambo gumu lakini lilikuwa la haki. Hivyo ndivyo jua lilivyomponza: lilitoka kila mara baada ya kosa lake, naye akalifanya shahidi. Katika miezi ile ya mwanga alimkumbuka mdogo wake kwa mapenzi. Mara mbili alisema atatuma mtu amwite arudi, na alikuwa akisema kweli. Lakini viazi vilihitaji kupandwa, halafu palizi, halafu mavuno, na salamu zile hazikutumwa.

Ukungu wa tatu uliposhuka, habari zilipanda kutoka mabondeni kwamba Gwakisa amekufa kwa homa. Amekwisha kuzikwa, wakasema, hukohuko, na watu waliomfahamu kwa muda usiotimia mwaka.

Ambakisye hakulia. Alikaa jikoni akala. Tusekile alipika kande, mumewe akala. Alichoma viazi, mumewe akala. Kadiri alivyokula ndivyo njaa ilivyozidi, na haikuwa tena njaa ya chakula. Siku ya tisa, mwezi wa saba ukiwa umeanza, aliisukuma sahani.

"Ulikuwepo nilipomfukuza," alimwambia mkewe. "Mwanamke mwenye akili angenizuia. Na chakula chako hiki ndicho kinachonijaza uchungu kila siku. Rudi kwenu."

Tusekile alikuwa ameishi naye miaka ishirini na sita. Alimtazama kwa muda, akingoja akumbuke. Ambakisye alikumbuka, na kwa sababu alikumbuka, akageuza uso. Basi Tusekile akaosha chungu, akakiinamisha kikauke, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akatoka. Kwao kulikuwa kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Hakufika hata kwenye shamba la pareto kabla hajapotea machoni.

Mwaka ule nao jua lilitoka kama kawaida yake. Asubuhi moja ya mwezi wa tisa Ambakisye aliamka mwili ukiwa mwepesi. Akatandika mkeka, akajipikia njegere, akala nusu sahani na kutosheka. Uchungu umeondoka, akawaza, basi kweli ulikuwa wa yule mwanamke. Lakini safari hii hukumu hiyo haikumkaa vizuri. Mkeka ulikuwa mpana kwa mtu mmoja, na hapakuwa na wa kumweleza alivyoshinda. Akaanza kumkumbuka mkewe, na hasira hakuwa nayo hata chembe. Mwezi wa kumi alivaa koti la kanisani, akamfunga jogoo miguu, akajaza kikapu cha njegere, akavuka bonde akiimba.

Walimpokea vizuri. Asajile, kaka yake Tusekile, alimpa kigoda kivulini. Ambakisye alisema kwamba yaliyopita yamepita, kwamba kwa upande wake amekwisha kusamehe, na kwamba nyumba inamngoja mwenyewe. Aliyasema hayo kwa uso wa furaha, na furaha yenyewe haikuwa ya kuigiza. Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Baba Subilaga," akasema, "wewe uliyekuja leo sijawahi kugombana nawe. Aliyenifukuza ni yule wa mwezi wa saba. Mlete huyo nizungumze naye."

Ambakisye alirudi na kikapu kitupu. Njiani alijiambia kwamba hayo ni maringo ya wanawake, na kwamba siku akipata nafasi atampa jibu lake. Lakini hali ya hewa ilikuwa nzuri, kazi ilikuwa nyingi, naye hakuwa mtu wa kuweka kinyongo wakati wa jua. Mvua zikaja, viazi vikatoa maua, watu wakala mahindi mabichi, na mwezi wa tano ukaisha.

Ukungu wa nne ulimkuta peke yake. Siku za kwanza alitulia, akiamini kwamba mwaka huu hautamsumbua. Mbwa hayupo, mdogo mtu hayupo, mke hayupo. Nani atamletea uchungu? Akapika kande kwa mkono wake mwenyewe. Akala sahani ya kwanza, akala ya pili, akala ya tatu. Kisha uzito ukaja, uleule, ukakaa palepale chini ya koo ulipokaa miaka yote.

Akageuka kumtafuta mwenye kuuleta. Akatazama kigoda cha mkewe. Akatazama mahali alipolala mbwa, na upande ule wenye joto. Akakilaumu chungu kwa sauti, akasikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kipumbavu, akanyamaza. Siku nzima alikaa hivyo. Kesho yake alitoka nje akasimama uani, na ndevu zake zikalowa, na hakuona hata zizi lililokuwa mbele yake. Hapo ndipo alipoelewa. Jambo lile alilokuwa akiwafukuzia watu lilikuwa limemzunguka pande zote, na halikuwa na jina la mtu. Lilikuwa likija milimani hapa kabla babu yake hajazaliwa. Lingeondoka kwa wakati wake hata kama asingemfukuza yeyote.

Basi alimlilia Gwakisa. Alilia akiwa amesimama, mikono imelegea, mwaka mzima baada ya msiba. Mdogo wake alikuwa amekwenda kufa ugenini kwa sababu mwezi wa saba una baridi.

Alipomaliza kulia alimfikiria mkewe, na wazo lake la kwanza lilikuwa kungoja jua. Angekwenda akiwa na uso wa watu, na kitu cha kumtunza shemeji mkononi. Lakini alipoufikiria mwezi wa tisa alimkumbuka yule mtu mchangamfu aliyevuka bonde akiimba, akamwogopa. Yule angesahau tena. Akaondoka siku ileile, bila kunyoa, bila koti la kanisani, bila zawadi, na uzito wake chini ya koo. Bondeni hakuona njia, akawa anapapasa mabua ya mahindi na kingo za mashamba kwa fimbo. Kwa miezi kumi na miwili alikuwa amedhani, bila kujisemea wazi, kwamba upande wa kwao mkewe kuna raha. Alipanda kilima kile kwa shida na ukungu haukupungua hata kidogo.

Aliwakuta jikoni: Asajile na mke wake, watoto wao, na Tusekile karibu na moto. Moshi ulikuwa mwingi na macho ya wote yalikuwa mekundu. Walikuwa wakila kande, na hakuna aliyekuwa akiongea. Asajile alikuwa ameegemea ukuta, uso umekunjamana, kijiko mkononi. Mke wake alimtazama, akashusha pumzi.

"Ukungu wa mwaka huu," akasema, akamwongezea chakula.

"Ukungu kweli," akajibu Asajile, akala.

Hivyo tu. Hakuna aliyeulizwa amefanya nini. Ambakisye, aliyekuwa amesimama mlangoni maji yakimdondoka, aliona kwamba watu hawa walikuwa na huzuni ileile aliyokuwa nayo, mwezi uleule, na kwamba walikuwa wakiila pamoja. Akaona wivu, akaona na aibu. Walipomwona wakaacha kula.

"Mama Subilaga," akasema. "Leo sina furaha hata kidogo. Nimeamka na hasira na sijui nimkasirikie nani. Ulinizuia siku ile. Ulinishika mkono, nami nikautoa, na Gwakisa akaenda."

 Tusekile alimtazama kuanzia miguu yenye tope mpaka usoni, polepole, na mtu aliyemwona alikuwa mgumu kumpenda. Kisha akasogea, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi, akachukua sahani akampakulia. Ambakisye akaketi, akala sahani moja, akaona imemtosha.

Walirudi nyumbani kwao wiki ileile, kabla ukungu haujainuka, maana Tusekile alikataa kungoja jua. Jikoni waliwasha moto, wakaketi, na hawakuwa na furaha, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini. Mbwa aliyetolewa angeweza kuombwa arudishwe. Mke aliyefukuzwa alikuwa amerudi. Upande wenye joto ulibaki hauna mtu, mwaka ule na miaka yote iliyofuata.

Nanyi mliosikiliza: jua lilipotoka mwaka huu nanyi mkatandika mkeka, ni nani hakuwepo kwenye chakula chenu?