Mshale Uliotambaa

Watu humcheka anayeuliza, wakidhani maswali ni dalili ya kichwa kitupu. Hata Msumbufu alichekwa hivyo hivyo.

Jina hilo alipewa na wenzake wa mwaka wa pili chuoni, maana hakuishiwa na "kwa nini?" Siku ya mtihani wa vitendo aliapa kufunga mdomo. Alikwisha kuanguka mara moja. Akianguka tena, angefunga virago arudi kwa mama yake.

Maabara ilikuwa kimya kama kaburi. Mizani yake haikubeba kitu, madirisha yamefungwa, feni imezimwa; hata hivyo mshale wake ulikuwa ukitambaa kushoto, polepole, kana kwamba kuna kidole kinausukuma. Aliurudisha kwenye sifuri. Ukatambaa tena.

"Na wako unatembea?" alimnong'oneza jirani yake.

"Yote inatembea. Ni yule marehemu fundi wa maabara, bado hajaacha kazi," jirani akajibu bila kutabasamu. "Andika namba za daftari, dada. Usijitafutie balaa."

Daftari hilo la majibu lilirithishwa mwaka hadi mwaka, na halikuwahi kumwangusha mtu. Darasa zima lilikuwa likinakili. Msumbufu naye akashika kalamu. Aliuogopa mzimu, akaogopa zaidi kurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini mbona marehemu avute mizani zote upande mmoja?

Akachukua gololi ya chuma kwenye sanduku la vifaa, akaiweka sakafuni. Ikabingirika yenyewe hadi ukuta wa kushoto. Chini ya sakafu, kitu kikakwaruza.

"Mwalimu," alisema, "kwa nini sakafu inainama?"

Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka. Aliiokota gololi, akaiweka katikati ya chumba; ikaenda kule kule, mbio zaidi.

"Tokeni nje! Acheni kila kitu!"

Wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza avuke kizingiti, sakafu ikadidimia na meza zote. Uani, mhadhiri aliwahesabu wanafunzi mara mbili. Walitimia.

"Mwalimu, na mtihani je?" Msumbufu akauliza.

Safari hii hakucheka mtu.

"Wewe umefaulu," mhadhiri akasema. "Hawa wengine watarudia, na kila mmoja atakuja na swali lake mwenyewe."

Ama kweli, kuuliza si ujinga.