Vumi la Mzee Pazi

Kisa hiki alikisimulia kwanza Bi Mwanahija, mdogo wake Sikudhani, wakati wa mavuno ya korosho mwaka 1971.

Hapo zamani Mzee Pazi, fundi wa ngoma, alimwachia bintiye Sikudhani vumi, ile ngoma kubwa ya sauti nzito. "Mpe atakayewavuta watu wa ng'ambo," aliusia. "Tamka kabla ngozi haijapoa. Ikipoa, hukumu ingoje ikanzwe tena."

Maana makundi mawili yalishindana kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, upande wa wapinzani ukiitwa ng'ambo, na mshindi ni yule aliyekuwa na watu wengi alasiri ikiingia. Tena mghani akikuita jina, hata kama ni wa kundi pinzani, huna budi uende ukacheze.

Siku ya shindano Sikudhani hakutulia. Aliketi, akasimama. Akachochea moto wa kukanzia ngoma, nao ulikwisha kolea. Katika kundi lao Kibwana alipiga vumi. Shomari, mghani, alighani juu yake. Kibwana akipunguza, Shomari akazidisha.

"We Shomari, funga bakuli!" Kibwana akafoka. "Ngoma inasema, nawe unasema. Watu wamsikilize nani?"

"Ngoma yako bubu, kaka. Mimi ndiye ulimi wake."

Na watu wote walikuwa ng'ambo.

Ndipo Shomari akamwita mama wa mpigaji wa kule: "Bi Havijawa! Uliyemlea fundi, njoo utuoneshe alikojifunzia!"

Bibi akasonya, akajifunga kanga kiunoni, akaja. Watu wakamfuata mbio. Nani angekubali kuikosa ile?

Shomari akaghani bila kupumua. Bibi akasimama katikati. "Mwanangu, umeniita nimekuja. Sasa nyamaza niisikie ngoma, ama narudi kwa mwanangu."

Sikudhani akajiuma kidole. Shomari hajapata kunyamaza tangu azaliwe.

Akanyamaza. Vumi likanguruma peke yake, bibi akacheza mpaka alasiri, wala hakuna aliyerudi ng'ambo.

"Nipe changu, dada," akasema Kibwana. "Shomari alimleta bibi, kisha nusura amfukuze. Aliyembakiza ni nani?"

"Angebaki vipi asingekuja?" Shomari akadakia. "Umepiga tangu asubuhi, hata mbuzi hakugeuza shingo! Na kile kimya kilikuwa changu."

"Kimya si kazi ya mtu!"

"Kijaribu wewe, tuone."

Bi Havijawa akacheka. "Nimemwacha mwanangu na uwanja mtupu, nanyi mnagombea miguu yangu!"

Sikudhani akagusa ngozi. Vuguvugu. Akamtazama Kibwana, akafungua kinywa. Akamtazama Shomari, akakifunga. Akauzunguka moto. Aliporudi, ngozi ilikuwa baridi.

Bi Havijawa alitangulia mbele ya haki, akafuata Kibwana, kisha Shomari. Sikudhani yu hai. Kila mwaka wajukuu wa Kibwana huja kuliomba vumi, na wajukuu wa Shomari huja. Kila mwaka Sikudhani hulikanza, akazunguka, likapoa.

Leo amelikanza tena. Wasikilizaji, semeni upesi, ngozi ingali na joto: je, nani alistahili?