Pishi ya Fundi Mbwana

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mwambao, ambao leo haukubakiwa ila na kuta za msikiti wake, alifariki seremala aitwaye Fundi Mbwana bin Kheri, siku ya kumi na tisa ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Alikuwa mtu wa kula jasho lake. Alilea watoto sita, wawili kati yao mayatima wa jirani, na wageni hawakuweza kuwatenga na wale aliowazaa. Akiitwa kwenye kazi ya mji hakuuliza ujira. Hata jeneza la msikiti alilichonga yeye, na ndilo lililombeba.

Mkewe, Bi Somoe, akakaa eda. Kutwa alikuwa nyuma ya pazia, akiwasikia wageni wa ukumbini wakimtaja marehemu kwa mema, na kila neno lilimpoza. Akajiambia kwamba mume amekwenda, lakini jina lake limebaki safi, na hilo ndilo fungu lake na la wanawe.

Sasa msikilizaji ajue kwamba Fundi Mbwana ndiye aliyechonga pishi ya mji, ile ya kupimia zaka ya fitri. Ya zamani ililiwa na mchwa, Ramadhani ikiwa ukingoni, naye akakata gogo la mfenesi na kulichonga usiku na mchana mpaka likawahi. Likapimwa kwa vibaba vinne, likatimia sawasawa. Tangu hapo ikapita miaka kumi na minane. Pishi ilikaa darini kwake imefungwa kitambaa, na kila mwisho wa mfungo aliishusha, akaenda nayo uani kwa msikiti kuwapimia mafakiri. Siku hiyo alichota pia mtama wa nyumbani, kikapu kizima, akaondoka nao kimyakimya. Bi Somoe alinung'unika kila mwaka, maana kapu lao halikuwa la matajiri. Mumewe alicheka tu, akamwambia Mungu atajaza.

Siku ya ishirini na sita, Bi Somoe aliishusha pishi mwenyewe atenge fitri ya nyumba yake. Akamimina kibaba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne hakikuenea. Mtama ukamwagika mkekani, na alipoukusanya ukajaa konzi moja la mkono. Akadhani kibaba chake ndicho kikubwa, akaazima cha jirani. Konzi likabaki vilevile. Ndipo alipokumbuka lile gogo lilivyokuwa bichi, maji yakitoka kwenye tezo. Mti ulinywea ulipokauka, na pishi ikapungua pamoja nao.

Miaka kumi na minane mji mzima umepima kwa pishi hii, na kila fakiri amepunjwa konzi moja, na mwenye kupunja ni yule anayesifiwa ukumbini saa hii hii. Jioni ile Bi Somoe alifuturu akiwaza. Akisema, udongo wa kaburi haujakauka na watu watageuza ulimi, maana binadamu hawana jema. Akinyamaza, haki ya mafakiri itakwenda naye mumewe mpaka siku ya hesabu, na huko hakuna wa kumtetea. Aliogopa huku na aliogopa kule, na hakujua hofu ipi ndiyo ya Mungu na ipi ni ya watu.

Akamwita mwanawe mkubwa, Kheri, naye alikuwa seremala kama baba yake, akamwonyesha. Kheri akaigeuza pishi mikononi, akasema jambo lenyewe ni jepesi. Yeye ana patasi. Akiikwangua pishi ndani kidogo tu, itatimia, na hakuna atakayejua.

Bi Somoe akamtazama. Moyo wake ulikuwa umeshaliwaza neno hilo hilo, na kulisikia kinywani mwa mwanawe kulimtia haya.

"Mwanangu," akasema, "mti utaukwangua. Na ile miaka kumi na minane utaikwangua kwa patasi gani?"

Akamsihi mama yake walau asubiri arubaini ipite. Mama akamjibu kwamba fitri haingoji arubaini. Hata hivyo, siku mbili zilizofuata kila mlango ulipobishwa alishtuka, na mara nyingi mkono wake ulikwenda kwenye sanduku la patasi za marehemu. Akaomba subira, akarudi kuketi.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tisa wazee wa msikiti wakaja kuichukua pishi kama ada, wakiongozwa na imamu wao, Mwalimu Nuruddini. Wakamwombea marehemu. Bi Somoe akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Mwalimu, pishi hii imepungua. Aliichonga mti ukiwa mbichi, ukanywea. Nakuomba uwaambie watu, na uwaombe mafakiri wamsamehe mume wangu."

Wazee wakatuma kiletwe kibaba cha shaba cha msikiti, wakapima mara mbili, na konzi likabaki mkekani mara zote mbili. Mzee mmoja akaguna. Mwalimu Nuruddini alisema tu kwamba atalitangaza uani baada ya alasiri, wakaondoka na pishi, na Kheri akawafuata akapime mahali pa baba yake.

Hapana saa zilizokuwa ndefu kwa Bi Somoe kama zile. Hawezi kutoka, yumo edani. Alisikia adhana ya alasiri, akaswali, akabaki juu ya mswala akihesabu tasbihi na kukosea. Alisikia nyayo za watu zikipita njiani na akahisi hakuna mmoja aliyetoa salamu mlangoni. Akajiambia kwamba amemvua mumewe sanda mbele ya mji, akalia.

Ndipo fimbo ikagonga kizingitini. Alikuwa Bi Zaina, kikongwe fakiri kuliko wote, anayeishi nyuma ya msikiti. Akaingia mpaka ndani, akaketi, akavuta pumzi.

"Mwalimu ametwambia habari ya pishi," akasema. "Akatuuliza kama tunamsamehe. Nikasimama, binti yangu, na magoti haya. Nikasema, tumsamehe nini? Kila mwaka akishanipimia, hutia mkono katika kikapu chake akaniongeza konzi moja. Hakuna fakiri aliyekosa konzi lile, nao wote wamesimama wakasema hivyo hivyo. Mwaka mmoja nilimuuliza. Akaniambia, 'Mama, mkono wangu ni wa binadamu na mti ni mti. Mimi nachelea tu.'"

Bi Somoe akajifunika uso kwa ukaya. Alikumbuka kila mwaka aliomnung'unikia yule mtu kwa ajili ya kikapu, na jinsi alivyocheka. Alipoweza kusema, aliuliza jambo moja tu: leo Kheri amewapimia kwa pishi ile, na konzi ametia nani?

Bi Zaina akamwambia kuwa hakutia mtu, wamesimamisha kazi mpaka lipatikane konzi la kuongeza.

Basi Bi Somoe akainuka, akakichukua kikapu cha mumewe pale kilipotundikwa, akachota mtama kwa mikono yake mpaka kikafura, akamtumia mwanawe. Wanasema katika mji ule, hata baada ya Kheri kuchonga pishi mpya ya mti mkavu, fitri haikupimwa bila konzi juu yake.

Ndugu zangu, Fundi Mbwana hakujua kuwa pishi yake imepungua. Alichelea tu, na kuchelea kwake kukamlipia. Lakini lau mkewe angenyamaza kwa kumpenda, jambo hilo lingezikwa pamoja naye, na sisi tusingelisikia. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na atujaalie hofu iliyo yake.