Mchoro wa Bei ya Mwanafunzi

Akili zilipogawiwa, mimi Semeni nilikuwa kwenye foleni ya chapati. Ndiyo maana nilienda kujifunza kazi kwa Msanifu Lugendo, nikawa nachora majengo na yeye anaandika jina lake.

Siku moja alitaka kununua programu mpya ya kuchorea. Bei ikamtoa jasho.

"Ya nini, mkubwa?" nikamwambia. "Tutumie yangu. Sisi wanafunzi tunauziwa kwa bei ya maandazi."

"Inachora sawasawa?"

"Inachora vizuri kuliko mimi."

"Hilo si jambo gumu," akasema, akaahirisha kununua.

Nikachora hosteli ya Bi. Mwanaidi, tajiri wa mabasi. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza, na Lugendo akaandika jina lake pembeni.

"Tuichapishe mbele ya Bi. Mwanaidi," nikashauri, "aone mashine yako kubwa."

Wazo likampendeza.

Bi. Mwanaidi alipokaa, mashine ikatoa karatasi pana. Katikati yake palikuwa na maandishi ambayo programu za bei yetu huyaweka wakati wa kuchapisha tu: KAZI YA MWANAFUNZI.

Bi. Mwanaidi akazitazama mvi za Lugendo. "Unasoma chuo gani, baba?"

Lugendo akaninyooshea kidole. "Kachora huyu binti."

"Hosteli nimeipenda. Basi aandike jina lake."

Nikamgeukia Lugendo. "Samahani, mkubwa, mjinga mimi nimekuja bila kalamu. Niazime yako."