Nyasi za Kumpokea Mama Mkwe wa Simba

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walianika mablanketi yao juani kama sisi, palikuwa na bonde katika nchi ya milima mirefu. Kaeni vizuri basi. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio! Hadithi hii mtaicheka, halafu mtaacha kuicheka, na mimi sitamwomba mtu radhi.

Bonde lile lilikuwa na udongo mweusi, na kila mnyama alilima matuta yake humo. Ila kila mwaka ilikuja sakitu, ile baridi nyeupe inayolala juu ya majani usiku kama unga uliomwagika. Jua likitoka, majani yameungua, meusi tii. Ndiyo maana kila jioni miche ilifunikwa nyasi.

Mkubwa wa bonde alikuwa Mzee Nyati. Yeye ndiye aliyetangaza Siku ya Kuanika Mablanketi. Akipiga ngoma yake, puu! puu!, basi baridi imekwisha. Mablanketi yanatoka nje, na nyasi zote zinabebwa kwake aezekee nyumba. Tangu siku hiyo ni mwiko kutaja baridi.

"Anayeitaja anaiita!" alinguruma Nyati. "Na anayeiita atahama bonde hili, yeye na wanawe!"

Sasa alikuwako Mama Pimbi. Mdogo, mjane, watoto sita. Alikuwa na matuta manne ya maharage, na kila mche una majani mawili tu. Mbegu zile zilikuwa za mwisho. Chungu chake cha mbegu ungeweza kukilamba usipate hata vumbi. Maharage yale yakifa, wale sita wangekula nini? Mawe?

Wiki mbili baada ya ngoma, alasiri moja, Mama Pimbi alijilaza juu ya jiwe lake aote joto. Akaruka kama amekanyaga moto.

"Mama yangu! Mbona limepoa?"

Akatazama juu: hakuna wingu hata moja. Akasikiliza: upepo umenyamaza. Marehemu mumewe alikuwa akimwambia, "Jiwe likipoa kabla jua halijazama, sakitu italala bondeni usiku huohuo."

Afanye nini? Akiomba nyasi za kufunikia miche, ametaja baridi. Akinyamaza, maharage yamekwenda. Akakuna kichwa, akatabasamu, kisha akateremka mbio mpaka kwa Nyati.

"Hodi! Hodi jamani! Shikamoo Mzee!"

"Marahaba. Unahema nini wewe?"

Nyati alikuwa anakunywa togwa na rafiki yake Ngiri, yule mwenye meno nje.

"Mzee, nimepata habari huko juu kwenye majabali. Mama mkwe wa Simba anapita bondeni kesho alfajiri!"

Ngiri akapaliwa na togwa. "Kho! Kho! Mama mkwe wa nani?"

"Wa Simba. Na mnajua Simba anavyomheshimu mkwewe. Amesema, 'Watakaomtandikia mama yangu nyasi za kukanyagia, nitawakumbuka. Na wasiomtandikia, nitawakumbuka pia.'"

Lo! Nyati akasimama, kibuyu kikaanguka. "Nyasi ninazo! Apite wapi?"

"Kwenye matuta yangu. Amesema magoti yanamuuma, na huko ndiko kuna tambarare."

"Kwako? Kwa nini asipite kwangu?" Ngiri akanuna.

"Bwana Ngiri, kwako kuna mashimo. Akitumbukia humo, utamwambia nini Simba?"

Ngiri akafyata mkia. Wakaanza kubeba. Nyati anabeba mizigo minne kwa mpigo, huku Ngiri anakimbia, jasho linamtiririka mpaka kwenye meno. Na yule mdogo, mtu wa kilo mbili, amesimama anawaamrisha!

"Polepole, Mzee! Usirushe, laza! Mgeni hapendi nyasi zilizobanana. Wewe Ngiri, toa kwato zako hapo!"

"Hivi?"

"Hapo sawa. Ziwe nyepesi, ziinuke kidogo."

Chekeni, chekeni. Na mimi nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza.

Tuta la kwanza likafunikwa, la pili, la tatu. La nne likafunikwa nusu, na nyasi za Nyati zikaisha. Mama Pimbi akatazama ile nusu iliyobaki wazi.

Hapo akatokea Dada Digidigi, jirani yake wa upande wa chini. Hawa wawili walichumiana mboga, walipokezana watoto, na mmoja akiugua mwenzie alimtekea maji. Digidigi naye alikuwa mjane, ana mwana mmoja. Alikuwa na matita mawili ya nyasi kichwani.

"Mwenzangu, nimesikia una mgeni mkubwa! Nikasema siwezi kukuacha uaibike. Shika."

"Dada, hizi umezitoa wapi?"

"Juu ya miche yangu," Digidigi akanong'ona, akicheka kwa haya. "Sikuzipeleka kwa Mzee. Roho yangu ina woga, nilikuwa bado nafunika kila jioni. Lakini mgeni wako ni mgeni wangu. Funika."

Watoto, nisikilizeni hapa. Nyati alikuwa amekwenda kunywa maji mtoni. Ngiri alikuwa anahangaika huko zizini kwa Nyati kuokota makapi ya nyasi. Pale matutani walikuwa wawili tu, Pimbi na Digidigi. Neno moja lingetosha. "Rudisha." Basi.

Lakini Mama Pimbi aliwaza, "Huyu mdomo wake hauna mlango. Ataropoka, Nyati atasikia, nitafukuzwa na wanangu sita." Tena akaitazama ile nusu ya tuta.

"Ahsante, mwenzangu," akasema, akayapokea matita.

Wakazilaza nyasi zile pamoja, wawili hao, huku Digidigi anaimba.

Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe. Jua likachomoza, sakitu ikayeyuka, na nchi ikawa nyeusi. Viazi vya Nyati, vyeusi. Maboga ya Ngiri, yamelala chini. Kwa Digidigi hakukubaki hata jani moja.

Nyati akaja mbio, pua zinatoa moshi. "We Pimbi! Mgeni yuko wapi?"

"Amepita, Mzee. Hamkuona alivyokanyaga bonde zima? Kwangu peke yake ndiko alikokanyaga nyasi."

"Muongo mkubwa! Hiyo ni bari..."

Akanyamaza ghafla, mdomo wazi. Wanyama wote walikuwa wamesimama wanamtazama.

"Ni nini, Mzee?" Mama Pimbi akauliza kwa adabu. "Malizia. Si wewe uliyepiga ngoma?"

Nyati akafunga mdomo. Akageuka, akaondoka, na Ngiri nyuma yake. Wao walikuwa na nguvu. Walihamia msituni miezi mitatu, wakachimba mizizi, wakarudi wamenenepa.

Digidigi alibaki. Akainama kwenye tuta la nne, akainua nyasi zake. Alizijua, maana kamba ya matita ilikuwa bado pale, na fundo lake alilifunga mwenyewe. Chini yake maharage yalikuwa mabichi, yanang'aa.

"Ulijua," akasema.

Mama Pimbi akaangalia chini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jiwe lilipopoa."

"Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yako."

"Dada, niliogopa. Ngiri alikuwa karibu..."

"Ngiri alikuwa zizini." Digidigi hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Ungewadanganya wakubwa tu, nisingekulaumu, ningecheka nawe. Mimi nilikukosea nini?"

"Chukua tuta hili, dada. Chukua mawili!"

"Sikuja kuomba."

Akamshika mwanawe mkono, wakapanda mlima kwenda kwa ndugu wa mumewe, watu waliokuwa hawampendi. Huko alipigishwa vibarua mpaka akazeeka.

Maharage yalizaa sana mwaka ule. Watoto sita wakala wakashiba, wakaimba. Mama Pimbi alijaza kikapu kimoja akakipeleka mlimani. Digidigi alimwona kwa mbali akafunga mlango. Mama Pimbi akarudi nacho, akayapika maharage yale, akatia mdomoni. Hayakushuka. Mpaka leo pimbi akijilaza juu ya jiwe jioni hulia, na mimi sidhani kama analilia jua.

Haya, mnaona hamcheki tena. Hadithi yangu nimeimwaga hapa, aokote anayetaka: ukimtega mwenye nguvu, mnong'oneze kwanza mnyonge mwenzio, maana mtego hauchagui mguu.