Ganda la Thelathini

Kitu kikiingia uvunguni mwa kitanda, hakitoki kwa kuitwa. Unaweza kukibembeleza, unaweza kukifokea, unaweza kuikumbusha nyumba nzima jinsi ulivyokuwa mtu mkubwa zamani. Chenyewe kimelala kule kwenye vumbi, kinakungoja. Anayekitaka ataweka goti chini, atapinda shingo, atapeleka mkono gizani, na akiinuka atakuwa na utando wa buibui kichwani. Hiyo ndiyo maana ya methali tutakayoifikia mwishoni, na sijui kama kuna mtu aliyeijua vizuri mdomoni na vibaya magotini kuliko askari mmoja wa kampuni ya ulinzi aliyeitwa Msumari.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake enzi zile alipokuwa akisindikiza magari ya fedha, kwa sababu alikuwa akipiga bastola risasi moja juu ya nyingine, katikati ya karatasi, kama mtu anayegongomea msumari ukutani. Kisha mke wake, fundi cherehani, akapatwa na kiharusi kilichoulaza mkono wake wa kulia. Msumari akaomba kazi ya mezani ili awe anarudi nyumbani jua lingalipo. Akapewa meza ya funguo katika ghala ya silaha. Kwa miaka saba alitoa funguo asubuhi na kuzipokea jioni, na zile bastola akawa anazipita kama mtu anavyolipita duka ambalo hana haja nalo.

Mwaka wa nane kampuni ikaweka milango inayofunguliwa kwa kadi. Meza ya funguo ikabakiwa na mwezi mmoja na nusu wa kuishi. Tangazo likabandikwa ukutani: anayetaka kubaki arudi kwenye magari, na anayetaka kurudi kwenye magari apite mtihani wa shabaha baada ya wiki sita. Risasi thelathini, ishirini na nne ziingie ndani ya duara. Asiyepita, asante na kwaheri. Msumari alilisoma tangazo lile mara mbili, na alichokiwaza kwanza ni kadi ya kliniki. Kwa kadi ile ya kampuni mke wake alikuwa akinyooshwa mkono kila Jumatano, na vidole viwili vilikuwa vimeanza kusikia.

"Una wasiwasi?" mke wake alimuuliza jioni ile.

"Wasiwasi wa nini? Ujuzi hauzeeki."

"Ujuzi hauzeeki, sawa. Mwenye ujuzi je? Jana umenitilia chumvi kwenye chai."

Msumari akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa amechoka. Alichoka asubuhi kabla ya kuamka, akachoka jioni kabla ya kulala, na katikati alibeba maji, akapika, akafua, akamgeuza mgonjwa ubavu. Uchovu ulikuwa umeshazoea nyumba ile kama paka.

Mkufunzi wa shabaha alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kavu na viatu vilivyong'arishwa. Miaka kumi nyuma, Msumari mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bastola. Siku ya kwanza aliwapanga askari wote mstarini, akawasomea sheria zake.

"Ya mwisho sikilizeni vizuri. Kila mtu anaokota maganda ya risasi zake mwenyewe. Risasi thelathini, maganda thelathini. Hakuna matokeo kabla ya maganda. Hata uwe nani."

"Hata mimi, binti?" Msumari akauliza kwa utani, maana zamani maganda yake yaliokotwa na wadogo.

"Hata wewe, mzee wangu. Tena wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu."

Wakavaa viziba masikio. Msumari akapewa bastola yake ileile ya zamani, iliyokwaruzika ubavuni. Mkono ukaitambua kama mtu anavyotambua kitasa cha mlango wa kwao. Akasimama, akalenga, akavuta pumzi, akapiga kumi. Moshi ulipotawanyika, duara lilikuwa na matundu matatu. Mengine yalikuwa yametawanyika sehemu ya chini ya karatasi, na mawili hayakuonekana kabisa.

"Jamani, msumari umepinda!" mmoja akasema kule nyuma, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Msumari hakugeuka. Aliitazama bastola kama mtu anayemtazama mtoto aliyemtia aibu mbele ya wageni. "Hii imelegea," alisema. Maganda yake akayaacha pale pale chini na kwenda kukaa kivulini. Mkufunzi alimtazama, akayatazama maganda, kisha akainama na kuyaokota mwenyewe, moja moja, bila kusema neno. Afadhali angesema.

Sasa, mtu akikataa kwamba kosa ni lake, hakosi pa kulipeleka. Risasi zilikwenda chini. Basi bastola inapiga chini. Na Msumari alikuwa na ufunguo wa ghala. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, fundi wa silaha alipokwenda kula, aliingia, akaitoa bastola ile, akachukua tupa ndogo ya kukwangulia chuma kwenye meza ya fundi. Mbele, juu ya mdomo wa bastola, kuna kinundu cha chuma cha kulengea. Nyuma kuna pengo. Mpigaji hukiweka kinundu katikati ya pengo, basi. Kila mwenye kazi anajua kwamba kinundu kikipunguzwa, mdomo wa bastola huinuka na risasi hupanda. Msumari akakikwangua kidogo, akapuliza unga wa chuma, akapaka wino mweusi pale palipong'aa. Dakika kumi tu. Akarudi mezani kwake, akala kiporo chake, lakini hakikuwa na ladha.

Wiki iliyofuata alitia tano kati ya kumi. "Mnaona?" akawaambia wenzake. "Chuma kilikuwa kinatafuta mkono."

Mkufunzi aliitazama karatasi. Alichukua bastola, akageuka upande, akajaza risasi, akamrudishia. "Piga sita."

Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikafanya ta! bila mlio, na kwa kuwa hapakuwa na kishindo cha kuficha, watu wote wakauona mdomo wa bastola ukizama chini, kama kuku anayedonoa.

"Hiyo ni risasi bubu," mkufunzi akasema. "Haina baruti. Umeona mkono wako? Unausubiri mlio, mzee wangu. Kabla haujalia, wewe umeshausukuma. Bastola haina neno."

"Nimepiga bastola tangu wewe unavaa sare ya shule."

"Ndiyo. Halafu ukaacha miaka saba." Akatoa mfukoni sarafu moja na bastola ya mazoezi, ya plastiki, isiyopokea risasi ila kifyatulio chake kinafanya kazi. "Peleka nyumbani. Weka sarafu juu ya mdomo, vuta kifyatulio taratibu. Sarafu isianguke. Mara mia kila siku."

"Hilo ni somo la wanagenzi."

"Nalijua. Ulinipa wewe."

Alirudi nyumbani miguu ikimuuma na uso umefungwa. Alimkuta mke wake mezani na vikombe viwili, akihamisha maharage kutoka kikombe kimoja kwenda kingine kwa vile vidole viwili, zoezi alilopewa kliniki. Harage moja likamponyoka, likabingirika. Akalifuata kwa kidole mezani kama mtu anayemfukuza mdudu.

Msumari akamweleza habari ya sarafu, akitarajia kuonewa huruma.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Ni mchezo wa watoto, mama. Mimi? Kwa umri huu?"

Mke wake akaweka harage kikombeni kwanza ndipo akamjibu. "Mimi nilikuwa nikishona suti za mabwana harusi. Leo nahesabu maharage. Jana harage la ishirini lilinichukua robo saa, na nililitukana, Mungu anisamehe. Kama una aibu ya kuuza, mume wangu, humu ndani hupati mnunuzi. Lete hiyo sarafu."

Aliishika kwa mkono wake mgonjwa. Ikamchukua muda mrefu kuifikisha juu ya ile plastiki, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo kama afanyavyo mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Msumari alisubiri, mkono umenyooka mbele. Akavuta kifyatulio. Sarafu ikaanguka.

"Moja," akasema mke wake. "Bado tisini na tisa. Okota."

Ndivyo zilivyokwenda jioni zao wiki baada ya wiki: yeye anaangusha, anaokota, mke anaweka. Siku nyingine walisinzia wote wawili katikati ya hesabu, kila mmoja na zoezi lake mkononi. Lakini kamba hukata jiwe. Wiki ya tatu sarafu ilitulia mara sitini. Wiki ya nne, tisini na mbili. Na mke wake naye akawa anaiweka mara moja bila kuipapasa.

Ikiwa imebaki wiki moja, Msumari akasimama tena uwanjani. Mkono ulikuwa shwari kama maji ya mtungi. Mlio ulimshtukiza kila mara, kama inavyotakiwa. Akapiga kumi, na akajua moyoni kwamba zote zimekwenda.

Zilikuwa zimekwenda kweli. Zote kumi zilikuwa zimeshikana mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kiganja, lakini shubiri nzima juu, nje ya duara.

Mkufunzi alikunja uso. Akampa bastola nyingine. Msumari akatia tisa ndani ya duara. Mkufunzi akaichukua ile ya kwanza, akapiga mwenyewe tano. Zote zikapanda juu. Akaigeuza juani, akakwangua kinundu kwa ukucha, na wino mweusi ukabaki kwenye ukucha wake.

"Fundi huyu!" akasema taratibu, na sauti yake ilikuwa baridi. "Amekikata kinundu halafu akapaka wino. Askari angekwenda nayo barabarani hii. Leo hii namwandikia. Hana kazi tena hapa. Wewe mzee wangu, chukua hiyo nyingine, mtihani utaupita tu."

Njia ilikuwa nyeupe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Msumari alimwona fundi kwa mbali kwenye mlango wa ghala, mtu mpole asiye na maneno, akifuta mikono kwa kitambaa, hajui kinachomjia. Aliikumbuka kadi ya kliniki. Alikumbuka vile vidole viwili. Kisha, sijui kwa nini, alikumbuka maganda kumi aliyoyaacha chini siku ile, na mgongo wa mwanamke huyu ukiinama kuyaokota.

"Mwalimu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Fundi hana kosa. Ni mimi. Nilitumia ufunguo wangu, na tupa yake. Nilitaka bastola ifuate mkono mbovu."

Mkufunzi alifuta wino kwenye ukucha wake. "Unajua adhabu yake?"

"Najua."

"Mimi siwezi kuacha kuandika."

"Andika, Mwalimu. Andika yote."

Akaandika. Meneja akamwita Msumari, akamfokea hadi sauti ikakauka. Akamvua vyeo vyote na kumnyang'anya ufunguo kabla ya siku zake. Mtihani alimruhusu kwa sababu moja tu, kwamba alisema mwenyewe kabla ya kushikwa. Lakini wengine walikuwa na nafasi mbili, yeye angepata moja. Na akipita, ataanza upya nyuma ya gari kama askari wa jana. Msumari alimweleza mke wake usiku ule bila kuficha. Mke akasema, "Nilidhani nimeolewa na mjinga. Kumbe ni mjinga mkweli. Lete sarafu."

Siku ya mtihani fundi alikuwa ameweka kinundu kipya kwenye bastola iliyokwaruzika. Aliifuta mara mbili kabla ya kumkabidhi Msumari, na Msumari akaelewa. Akapiga kumi za karibu, kumi za kati, kumi za mbali. Risasi za mwisho mabega yalikuwa yanawaka moto na jasho likamwingia machoni. Mlio wa mwisho ukaondoka, masikio yakabaki yakivuma.

Mkufunzi alikwenda kwenye karatasi, akahesabu, akarudi akiwa ameikunja. "Maganda," akasema.

Msumari akaokota, akayapanga kumi kumi juu ya benchi. Kumi. Kumi. Tisa.

"Bado moja."

Wenzake walikuwa wameshamaliza, wanatazama. Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja akataka kumsaidia. Msumari akamzuia kwa mkono. Akaweka goti la kwanza chini, likalia kama mlango mkavu. Akaweka la pili. Akalaza shavu kwenye saruji yenye vumbi na mafuta, akapeleka mkono chini ya benchi hadi begani, akapapasa. Vidole vikagusa kokoto, vikagusa kipande cha karatasi, kisha vikagusa kitu cha duara, kidogo, ambacho bado kilikuwa na uvuguvugu.

Alikaa pale chini kidogo kabla ya kuinuka. Alikuwa amechoka, na palikuwa na kivuli. Kisha akanyoosha mkono akiwa bado kwenye magoti, akaliweka ganda la thelathini mahali pake.

Mkufunzi akaikunjua karatasi. "Ishirini na sita," akasema. Akamshika kiwiko, akamwinua, akamwondolea utando wa buibui nyweleni. "Jumatano utachelewa kuingia kazini, najua. Mpeleke mama kliniki kwanza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.